Zimamoto wa Nairobi: magari ya kuazima, pensheni ya kudai

Hadi mwaka 1963, nyumba ikishika moto Riruta au Waithaka, huo haukuwa moto wa Nairobi. Dagoretti ilihesabiwa katika Wilaya ya Kiambu. Upande wa jiji kulikuwa na kikosi cha zimamoto, magari, na mabomba ya maji yaliyofukiwa kando ya barabara. Upande wa pili kulikuwa na ndoo, mchanga na majirani. Uhuru ulipowadia, mipaka ilisogezwa, na jiji lililokuwa na chini ya kilomita 100 za mraba likafikia karibu 700. Dagoretti, Karen, Lang'ata na Embakasi zikawa Nairobi. Kwa mhuri mmoja, kikosi kilekile kikakabidhiwa eneo kubwa karibu mara saba ya lile kilichozoea, na hakuna baraza duniani ambalo lingenunua magari na kuajiri watu mara saba kwa mwaka mmoja.

Pengo hilo halijawahi kuzibwa. Nairobi imelifunika kwa njia mbili: kuazima magari ya wengine moto unapozidi nguvu, na kukopa kutoka kwa uzee wa wafanyakazi wake. Njia hizi mbili huandikwa kurasa tofauti za magazeti. Msiba wa moto huwekwa ukurasa wa mbele, madeni ya pensheni hupelekwa kwenye kurasa za biashara ambazo wengi huziruka. Lakini pesa zilitoka mfuko mmoja, wa City Hall, na anayeumia mara mbili ni mmoja: mzima moto mwenyewe.

Dagoretti ina historia yake na moto, ya zamani kuliko jiji. Mwaka 1890 Frederick Lugard, akiwa katika kazi ya Kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome huko baada ya kuelewana na Waiyaki wa Hinga. Wageni walioachwa ndani waliharibu maelewano hayo kwa tabia zao, na mwaka uliofuata ngome ikahamwa na kuteketezwa. Nairobi nayo, iliyozaliwa reli ilipofika mwaka 1899, ilitumia moto kabla ya kujifunza kuuzima: tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi mwaka 1902, wakubwa waliamuru soko lote lichomwe. Kituo kikuu cha zimamoto, kile kilichopo Barabara ya Tom Mboya, iliyoitwa Victoria enzi za ukoloni, hutajwa kuwa kilianza mwaka 1907. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1919 na ya jiji mwaka 1950.

Ramani ya kituo hicho inaeleza mengi. Mji wa kwanza ulikuwa reli, soko, ofisi za serikali na nyumba za Wazungu zilizopanda kilimani kuelekea magharibi. Kutoka Victoria, gari lilifika popote penye thamani machoni pa wakoloni kwa dakika chache. Leo Tom Mboya ni mto wa matatu. Kuna kituo cha matatu kilichopewa jina la zimamoto kwa sababu kiko mlangoni pake, na dereva wa gari la zimamoto huanza vita vyake hapo nje ya lango, kabla hata hajauona moto. Akitumwa Dagoretti Corner, apenye kati ya jiji, apande Community, apite Prestige, Adams na Junction, ndipo aifikie njia panda ambapo Barabara ya Naivasha inaachana na ya Ngong. Barabara ya Ngong imepanuliwa, nayo imesaidia, lakini jioni ya siku ya kazi upana huo hujaa kama kawaida.

Na afikapo, atakuta nini? Kandokando ya barabara hiyo mafundi seremala hupanga vitanda, kabati na makochi hadharani, na wapita njia husimama kujadili bei. Nyuma ya maonyesho hayo ziko karakana za mabati zilizobanana, moja ukutani mwa nyingine. Sakafu ni maranda na unga wa mbao. Rafuni kuna vanishi, thina na gundi kwenye mikebe isiyofungwa vizuri. Sponji za makochi zimepangwa hadi darini, na waya wa umeme umevutwa kutoka karakana hadi karakana. Moto ukiingia humo haumsubiri mtu. Sponji huyeyuka na kutoa moshi mweusi wenye sumu ambao humwangusha mtu kabla miali haijamfikia. Mabati hushika joto na kulirudisha ndani, na yakiporomoka huufunika moto usifikiwe na maji. Mzima moto asiye na kifaa cha kupumulia hana la kufanya isipokuwa kusimama nje na kumwagilia paa.

Kisha kuna maji yenyewe. Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika huisha baada ya dakika 5, halafu linahitaji bomba la kujazia. Zamani baraza moja lilimiliki maji na lilimiliki zimamoto, kwa hiyo mhandisi wa maji na mkuu wa zimamoto walikuwa na bosi mmoja. Sheria ya Maji ya 2002 ilibadili hilo. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ilianza kazi mwaka 2004, ikapewa jukumu la kuuza maji na kujitegemea. Mageuzi hayo yalikuwa na sababu zake nzuri, lakini bomba la zimamoto haliuzi maji wala halileti mapato, na lisiloleta mapato halina wa kulitetea. Mengi yamefunikwa na lami, na mengine yako chini ya majengo. Wazee wa mtaa hukumbuka lilipokuwa hili na lile. Kumbukumbu zao hazijazi gari.

Ndipo jiji likajifunza kuazima. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuangusha jumba la Ufundi, watu zaidi ya 200 walifariki, na wataalamu wa kufukua vifusi walilazimika kuja kutoka Israeli. Januari 28, 2009, duka kuu la Nakumatt Downtown liliungua na kuua watu zaidi ya 25, chini ya kilomita moja kutoka kituo cha Tom Mboya. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta iliwaka katika mtaa wa Sinai na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 7, 2013, ukumbi wa wasafiri wanaowasili katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliteketea, na picha za maofisa wakipokezana ndoo zikaonekana dunia nzima. Juni 2018 ilikuwa zamu ya soko la Gikomba, ambako watu 15 walipoteza maisha. Soko la Toi, lililo njia hiyohiyo ya Ngong, limeungua zaidi ya mara moja.

Katika misiba mikubwa kama hiyo, waliofika hawakuwa wa kikosi cha jiji peke yake. Utakuta wanajeshi, magari ya viwanja vya ndege, Msalaba Mwekundu, St John, na magari ya makampuni ya ulinzi ambayo kwa kawaida huwahudumia wateja waliolipia ada. Siwalaumu waliokuja, nawashukuru. Ninacholalamikia ni kwamba msaada huu umegeuzwa kuwa mpango. Gari la uwanja wa ndege limewekwa pale kwa ajili ya ndege, na likiondoka uwanja hubaki na pengo. Gari la kampuni lina mteja wake. Mwanajeshi huja akiamriwa. Mahali ambapo miji imeamua kweli kusaidiana, huandikiana mapema: nani atoke, akitoka nani ajaze nafasi yake, mafuta ni ya nani, na mtu akiumia upande wa jirani atalipwa na nani.

Swali hilo la mwisho ndilo linalotuleta kwenye pensheni.

Mwaka 1929, manispaa ya Nairobi ilianzisha mfuko wa pensheni kwa maofisa wake, na maofisa wa wakati huo walikuwa Wazungu. Mfuko huo ndio mzizi wa Laptrust, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, na ndio mkongwe kuliko yote nchini. Mwafrika aliyeburuta mpira wa maji hakuwemo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1960, miaka mitatu kabla ya uhuru, ndipo sheria ikaunda mfuko wa akiba wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, Lapfund, Sura ya 272 ya Sheria za Kenya. Tofauti ya mifuko hii ilikuwa kubwa kuliko majina yake. Pensheni humlipa mstaafu kila mwezi mpaka anapofariki. Akiba humpa kitita mara moja, kisha ajijue. Ofisa alihakikishiwa uzee, na kibarua alipewa nauli ya kurudi kijijini. Mpangilio huo wa watu wa juu na watu wa chini uliendelea miaka mingi baada ya bendera kubadilika.

Kwa muda makato yalikwenda vizuri. Serikali za mitaa zilikuwa na kodi yao, ile ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato, na ndiyo iliyolipa mishahara. Serikali kuu ikaifuta mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mabaraza yakabaki na ada za masoko, leseni na kodi za viwanja. Mwaka 1983 baraza la jiji la Nairobi lilivunjwa na tume ya walioteuliwa ikaongoza hadi 1992. Katika miaka ya unyonge huo karani wa mishahara aligundua njia rahisi: kato la pensheni linaweza kuondolewa kwenye mshahara, likaandikwa kwenye hati, lisiende popote. Mshahara usipolipwa wafanyakazi hugoma kesho yake. Pensheni isipopelekwa, kelele hupigwa baada ya miaka ishirini.

Hesabu yake si ngumu. Katika utaratibu wa wafanyakazi wa kaunti, mfanyakazi hukatwa asilimia 12 ya mshahara wa msingi na mwajiri huongeza asilimia 15. Tuchukue mfano wa mzima moto mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000. Yeye hutoa 4,800, mwajiri anatakiwa kutoa 6,000, jumla 10,800 kwa mwezi, 129,600 kwa mwaka. Zisipopelekwa kwa miaka 5, ni shilingi 648,000 zilizokosekana, na hapo bado hatujataja faida ambayo zingezaa zikiwekezwa. Sehemu ya 4,800 ilikuwa mali yake tayari, jasho lake. Mwajiri anayeizuia ni kama mweka hazina wa chama anayepokea mchango, anaandika jina lako daftarini, kisha anatumia pesa kwa mambo yake akitumaini hutaumwa mapema.

Serikali haikunyamaza kabisa. Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya 1997 ilileta mamlaka ya kusimamia mifuko yote. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha mgao wa asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa serikali za mitaa, na mabaraza yakatakiwa kueleza namna yatakavyopunguza madeni yao ili yapate mgao kamili. Deni lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, na kwa mabaraza kadhaa lilipungua. Kisha Katiba ya 2010 ikafuta mabaraza, kaunti zikaanza kazi mwaka 2013, na pamoja na magari mabovu na majengo ya zamani zikarithi madeni ya pensheni. Kaunti zikasema deni ni la waliotangulia. Serikali kuu ikasema waliotangulia ni ninyi. Seneti imewaita magavana mara nyingi kujibu. Mabilioni ya shilingi yamebaki yakidaiwa, na Nairobi imekuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa kabisa, riba na adhabu zikipanda juu ya deni la asili.

Mwaka 2009 umri wa kustaafu utumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Kwa karani wa ofisini ilikuwa nafuu. Kwa anayepanda ngazi akiwa na mzigo mgongoni, miaka hiyo 5 ina uzito mwingine. Kwa mifuko, iliahirisha malipo. Hakuna aliyepangia vikosi vya zimamoto njia ya kuwatoa wazee mbele ya moto na kuwaweka kwenye ukaguzi wa majengo au mafunzo huku wakilinda mafao yao. Na kikosi kisichoajiri vijana kwa muda mrefu huzeeka kwa pamoja, na kustaafu kwa pamoja.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba pesa zilizofika kwenye mifuko zimefanya kazi. Mwaka 2023 Laptrust iliorodhesha katika Soko la Hisa la Nairobi amana ya majengo iitwayo Imara, ikiwemo jumba la CPF mjini, Pension Towers na Freedom Heights huko Lang'ata. Mtu apitaye Lang'ata anaona jengo, lakini humo mna jasho la wafagiaji, maaskari wa jiji na wazima moto. Majengo hayo yanahitaji zimamoto kama linavyoihitaji duka la fundi wa Dagoretti Corner. Anayelinda jengo ndiye mwenye jengo, na haki yake ya kulimiliki inategemea kama makato yake yalifika.

Majirani zetu walichagua njia nyingine. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kazi iliyokuwa ya halmashauri ikawa ya taifa, kwa namba moja ya dharura, 114. Zanzibar ina kikosi chake. Mwaka 2018 Tanzania ikaunganisha mifuko minne ya umma kuwa PSSSF, na mmojawapo ulikuwa LAPF, ndugu kamili wa Lapfund yetu. Uganda imeiweka zimamoto ndani ya polisi. Sina hakika kuwa ningetaka zimamoto ya Nairobi irudi kwa serikali kuu, kwa maana gari linaloamriwa kutoka mbali huchelewa kwa sababu nyingine. Lakini wenzetu wamejibu maswali mawili, nani anamiliki gari na nani analipa uzee, na wameyajibu pamoja.

Hata Marekani, ambako miji ni tajiri kuliko yetu, hesabu hizi mbili zimegongana. San Bernardino, jiji la California, lilitangaza kufilisika mwaka 2012. Deni lake kwa mfuko mkuu wa pensheni wa jimbo lilikuwa kati ya mizigo mizito. Mwaka 2016 kikosi chake cha zimamoto, kilichokuwa cha jiji kwa zaidi ya karne, kilikabidhiwa kwa kaunti, na wakazi wakaanza kutozwa ada kwa kila kiwanja ili kukigharimia. Pensheni zililipwa. Jiji lilipoteza kikosi chake, wastaafu hawakupoteza pensheni. Ni uchaguzi mchungu, lakini ulifanywa hadharani, mbele ya hakimu, na takwimu zikiwa mezani.

Kwetu uamuzi hufanywa kimya kimya, kwa kutotenda. Lakini sheria haitufungi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zimamoto na usimamizi wa majanga. Ibara ya 189 inaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mpaka wa Nairobi na Kiambu hupita kati ya nyumba na nyumba upande wa Kinoo na Kikuyu, ule wa Kajiado uko mbele tu ya Karen, na mwenye nyumba haoni jiwe la mpaka akiwa anapiga kelele. Wazo la jiji kuu linalokusanya kaunti hizi halikuanza leo. Mwaka 2008 kulikuwa na wizara nzima ya maendeleo ya Nairobi na viunga vyake, na kwa mradi wa Benki ya Dunia uliofuata vituo vipya vya zimamoto vilijengwa, kimojawapo Waithaka. Kiambu nayo imekuwa ikipokea mafunzo na vifaa kutoka shirika la misaada la Poland tangu mwaka 2014, na wazima moto wa kaunti nyingine wamefundishwa humo. Vipande vipo. Kilichobaki ni mkataba.

Kituo cha Waithaka kimeleta karibu kile ambacho Dagoretti haikuwa nacho tangu 1963. Njia ya Waithaka hadi Dagoretti Corner ni fupi sana kuliko ya Tom Mboya. Lakini kituo si kuta. Kinahitaji zamu tatu za watu, gari linalowaka, mafuta, maji, na watu walioko ndani wajue kwamba makato yao yanafika.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kuyasoma na kusema. Mkazi wa Riruta, Ng'ando au Kawangware akipata nakala, atafute mafungu mawili: la zimamoto, na la michango ya mwajiri kwa mifuko ya uzeeni pamoja na ulipaji wa malimbikizo. Aulize kiasi kilichotengwa mwaka uliopita, na kiasi kilichotolewa kweli. Kisha aulize gari la Waithaka likivuka kwenda Kikuyu usiku, ni nani anayebaki kulinda Dagoretti, na mzima moto akifia huko, mjane wake atafuata nyaraka za kaunti gani.